Kiti Kinachotazama Nyuma

Mwezi uliopita alikuja nyumbani kijana mmoja anayekusanya magari ya zamani. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba huku Uyole, nje kidogo ya Mbeya, kuna gari la mashindano la Kijapani, la milango miwili, la tangu enzi ambazo sisi wenye mvi leo tulikuwa bado tunabebwa mgongoni. Alilizunguka mikono kiunoni, akaipapasa ile boneti ndefu, akalala chini na shati lake jeupe kuchungulia uvunguni, akainuka anacheka peke yake. Nilimpenda. Kisha akafungua mlango wa nyuma, ule wa kioo unaoinuka kwenda juu, na kicheko kikakatika.

"Samahani, mama," akasema. "Nani aliliharibu hivi?"

Alichokiona ni kiti. Nyuma ya viti viwili vya mbele, mahali ambapo waliolitengeneza waliacha nafasi ya mabegi na tairi la spea, kuna kiti cha tatu. Kimempa dereva mgongo na kinatazama kule gari linakotoka. Katikati kuna pazia la kitenge linaloning'inia kwenye fimbo. Kijana akaniuliza pia kioo cha ndani, kile cha dereva kuangalia nyuma, kimekwenda wapi. Nikamwambia kipo kwenye dashibodi, kimefungwa kwenye kitambaa. Akatikisa kichwa, akasema nikimpa wiki chache atakitoa hicho kiti na kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani.

Mlango ulikuwa wazi na harufu ilikuwa imeshanifikia, gundi ya viatu, sponji iliyozeeka, rangi ya trekta. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili tena, na mama yangu alikuwa karibu kuchukuliwa.

Gari lile alilinunua baba yangu kwa mkulima mmoja wa kahawa wa Mbozi aliyekuwa anahama nchi. Baba alikuwa dereva wa malori. Lilifika nyumbani likiwa limebebwa juu ya lori, na injini ikaja nyuma yake kwenye masanduku, vipande vipande. Majirani walikuja kuliangalia kama wanavyokwenda kumwona mgonjwa. Jioni Baba alikuwa akinipakata kwenye kiti cha dereva, tunazungusha usukani, yeye ananguruma kwa mdomo akibadilisha gia, mimi napiga honi kwa kubonyeza pua yake. Na kila mara alimwambia Mama maneno yale yale: "Siku likiwaka, nakupeleka kwenu Kalenga. Ukapunge mkono dirishani." Mama alikuwa Mhehe wa huko Kalenga, Iringa, na alipoolewa alikuja Mbeya kwenye lori la mahindi, na vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa akimjibu bila kuinua macho kwenye cherehani: "Labda ulisukume."

Baba hakulisukuma wala hakuliwasha. Aliugua kwa muda mfupi tu, akafa, na gari likabaki uani chini ya turubai, karibu na mparachichi, injini ikiwa kwenye karai la dizeli. Kuku wakaanza kutagia ndani yake.

Matanga yalipokwisha watu wote waliondoka isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa Babu, mzazi wa Baba. Nilikuwa simfahamu vizuri. Kwao ni Busokelo, huko Unyakyusa, lakini maisha yake yote aliyamalizia Ubaruku, akitengeneza matrekta ya mashamba ya mpunga. Alihamia chumba cha uani na sanduku lake la spana. Kesho yake asubuhi, baada ya chai, alilivua gari turubai, akafukuza kuku, akalitazama muda mrefu. Kisha akatoa kitambaa mfukoni, akafuta jina la mwanawe lililokuwa limeandikwa kwa kidole kwenye vumbi la kioo. Nadhani nililiandika mimi.

Hapo ndipo nilipoanza kuona mambo ya ajabu. Babu na Mama walikuwa hawazungumzi. Hawakuwa wakitazamana hata kwa bahati mbaya. Mama akisikia hatua zake anajifunika kanga kichwani na kuingia jikoni haraka, unga mikononi. Chakula chake alikiweka kwenye kigoda uani, anagonga mfuniko wa sufuria, anakimbia. Babu naye kila akitaka kupita kona ya nyumba alikohoa kwanza, kikohozi kikavu, kikubwa, halafu anasubiri, halafu anapita akiwa amegeuzia uso ukutani. Mimi nilimhurumia kifua chake. Nilichukua tangawizi ya Mama kabatini nikampelekea, na akaipokea kwa shukrani nyingi, "Ndaga fijo, mwisukulu wangu," yaani ahsante sana, mjukuu wangu, akaitafuna pale pale bila kunieleza lolote.

Wanyakyusa wa rika langu wameshaelewa. Kwetu, mkamwana na baba mkwe wake wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawaonani uso, hawasemeshani, hawakai penye paa moja kama inaweza kuepukika. Ni heshima nzito kuliko shikamoo zote. Mama, ingawa alikuwa Mhehe, alifundishwa hayo na wifi zake siku alipoolewa, akayashika kuliko wao wenyewe. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa Uyole, na Babu alikuwa wa mbali. Baba alipokuwa hai sikuwahi kuwaona mahali pamoja. Kwa akili yangu ya wakati ule, watu wasiosalimiana wamegombana, na waliogombana hivyo mpaka wanakimbiana lazima wanachukiana sana.

Halafu nikamsikia Shangazi. Alikuwa dada yake Baba, anakaa Mwanjelwa, na Jumamosi alikuja kutuona. Alikuwa bombani na jirani yetu, mimi niko nyuma ya pipa nachezea matope. "Mzee ameshaamua," alisema. "Gari likitengemaa tu, anampeleka kwao." Jirani akaguna, akasema, "Maskini, bado binti mdogo yule." Basi. Nilijua maana yake. Anyisile, niliyekaa naye dawati moja, baba yake alipokufa mama yake alipelekwa kwao na fungu lake la nguo. Anyisile na kaka zake walibaki kwa baba zao wadogo. Watoto ni wa ukoo. Alikuwa akilia wakati wa hesabu na mwalimu anajifanya haoni.

Kwa hiyo kila spana iliyokaza nati kwenye gari lile ilikuwa inanisogezea siku ya kubaki kama Anyisile. Na mtu wa kumpa Babu spana nilikuwa mimi mwenyewe, kwa sababu Mama alikuwa akinituma na Babu alikuwa akinituma, na nyumba nzima maneno yote yalipitia mdomoni mwangu. Mchana nilifanya kazi kwa raha zote, maana kusema kweli kazi ilikuwa tamu. Nilisugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikawa vyekundu. Niliosha plagi kwa petroli. Jioni nikipiga magoti kitandani nilimwomba Mungu lisiwake.

Babu alijua matrekta. Gari la mashindano alikuwa ameliona kwa macho tu, hajawahi kulifungua. Rejeta ilipokataa kuzibika alifunga ya pikapu. Kabureta moja ilipokosa kifaa aliweka ya gari jingine kabisa na kuitengenezea kishikio kwa bati la debe. Mlango wa kushoto alifunga kitasa cha nyumba, kile cha stoo. Na lilipofika suala la rangi, alileta kopo la bluu ya trekta kutoka Ubaruku na brashi ya kupakia ukuta.

Mama alikuwa akichungulia kwenye ufa wa dirisha la jikoni. Alikuwa mshonaji, jicho lake halikuvumilia kazi mbaya. "Nenda kamwambie Mkubwa," alininong'oneza, "brashi inaacha mistari."

Nilikimbia. "Babu, Mama anasema brashi inaacha mistari."

Babu hakuacha kupaka. "Mwambie Mama Bupe, mistari ndiyo inaongeza mwendo."

Nilirudi. Mama alijifunika mdomo kwa kanga na mabega yakamtetemeka. Nilidhani analia. "Mwambie," alisema sauti ikiwa imebanwa, "basi apake na matairi."

Siku nzima nilienda na kurudi hivyo. Niliona ugomvi mkubwa ambao mimi nimeubeba kama ndoo mbili za maji, najitahidi usimwagike. Usiku ule, na tena kesho yake, nilibadilisha maneno. Babu akisema, "Mwambie hizo kava anazoshona zisiwe na maua, hili si kanisa," mimi nilimwambia Mama, "Babu anasema ahsante." Na Mama akisema, "Mwambie maua yapo na yatabaki," nilimwambia Babu, "Mama anakusalimia." Babu alinitazama chini ya kofia yake, akasema, "Mama yako anasalimia sana siku hizi."

Kava zenyewe Mama alizishona kwa kitambaa kizito cha kahawia, na maua madogo pembeni, yapo mpaka leo. Alikuwa akimaliza moja anaiweka juu ya kigoda, anagonga mfuniko, anatoweka. Babu anakohoa, anakuja, anaichukua kwa mikono miwili iliyofutwa grisi kwanza kwenye suruali. Niliona anaipitisha kidole gumba kwenye mshono wote, taratibu, mwisho mpaka mwanzo.

Siku moja alinipa kamba ya katani. "Nenda kampime mama yako," alisema. "Kutoka kiunoni mpaka gotini, funga fundo. Gotini mpaka chini, funga fundo. Kisha akae, umpime mpaka utosini."

Nilishaona kamba ikimpima mtu. Seremala alikuja kumpima Baba kwa kamba kama ile, chumbani, na mimi nilikuwa mlangoni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunitoa. Niliitupa chini. Nililia kwa namna ambayo Babu aliweka spana, akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza tena na tena kilichoniuma, mpaka nikaweza kusema, "Mnampimia jeneza."

Alikaa chini kwenye vumbi. Alijiziba mdomo kwa kiganja, na kilipotoka kiliacha alama ya grisi kwenye ndevu zake nyeupe. "Kiti," alisema. "Ni kiti, mwisukulu wangu. Gari hili lina viti viwili mbele. Mimi na mama yako hatuwezi kukaa bega kwa bega. Namtengenezea chake, nyuma, atazame huko, mimi nitazame huku. Umenielewa?"

Nilielewa kwamba Mama atakwenda, na kwamba mahali pake pa kukalia patakuwa pamegeuziwa mgongo. Niliuliza kwa nini asipande basi kama watu wengine. "Baba yako alisema gari hili," Babu alijibu, akainuka kwa kushikilia mlango.

Nilimpima Mama. Alisimama wima katikati ya jikoni akicheka, maana kamba ilimtekenya, na nilipofika utosini alisema, "Mwambie aongeze vidole vinne. Nitafunga kilemba." Ningekuwa mkubwa ningejiuliza ni mtu gani anayefukuzwa anawaza kilemba. Lakini nilikuwa mdogo, nikafunga fundo na kuipeleka kamba.

Babu aliling'oa tairi la spea kwenye shimo lake, akalifunga juu ya paa kwenye keria aliyoichomelea kwa mabomba, na shimo lile likawa pa kuwekea miguu. Mtu aliyekaa pale alikuwa na nafasi ya magoti, kilemba na ziada. Mama alishona pazia. Na mwisho kabisa, wakati kila kitu kimekamilika, Babu alikaa kwenye kiti cha dereva kujaribu, akainua macho, akakutana na kioo cha ndani. Ndani ya kioo kulikuwa na pazia, na juu ya pazia kulikuwa na upenyo. Alikitazama kwa muda. Kisha akachukua bisibisi, akakifungua, akakifunga kwenye kitambaa.

Gari liliwaka siku ambayo sikuwa nimeomba. Nilikuwa nimesahau, kwa uchovu. Lilikohoa, likatoa moshi mweupe uliofunika mparachichi wote, kuku wakaruka ukuta, halafu likanguruma sawasawa kama Baba alivyokuwa akinguruma kwa mdomo. Babu alivua kofia. Kutoka jikoni nilisikia mfuniko wa sufuria ukigongwa, si mara moja kama siku zote, ukigongwa na kugongwa na kugongwa, na vigelegele juu yake. Majirani walikuja mbio. Mimi nililia mpaka nikashikwa na kwikwi, na kila mtu alinipapasa kichwa akisema mtoto ana furaha.

Tuliondoka asubuhi ya baridi, ile ya Uyole ya kutoa mvuke mdomoni. Babu alinituma mara ya mwisho kabla ya kuwasha: "Mwambie achukue vitu vyake vyote. Asiache kitu chake hapa." Nilimfikishia Mama neno kwa neno, maana kwa hilo sikupata uongo wa kulitengeneza. Mama akaingia chumbani, akatoka na sanduku lake la bati. Babu aligeukia mparachichi mpaka mlango wa nyuma uliposikika umefungwa. Ulikuwa na mlio wake, mlango ule, kama mtu anayefunga kitabu kikubwa.

Nilikaa mbele na Babu. Nilikuwa nikipiga magoti kitini kuchungulia kwenye pazia, na kila mara nilikiona kilemba cha Mama, na mbele yake kioo cha nyuma, na ndani ya kioo milima ya Mbeya ikipungua. Sisi tulikuwa tunaiona barabara inavyokuja. Yeye aliiona inavyokwenda. Tulishuka Chimala, tukaingia bonde la Usangu, mpunga kijani pande zote, watu wakasimama kwenye majaruba kututazama. Mama alipunga mkono. Aliwapungia wote, wachunga ng'ombe, wauza vitunguu wa Igawa, watoto wa shule, na kwa sababu alikuwa ametazama nyuma aliendelea kuwapungia mpaka wanapotelea.

Karibu na Makambako askari wa barabarani alitusimamisha. Alilitazama lile gari la bluu ya trekta lenye tairi kichwani kwa muda mrefu kabla ya kuweza kusema.

"Shikamoo, mzee. Kioo cha ndani kiko wapi?"

"Marahaba, afande. Nimekifungua."

"Umekifungua kwa nini?"

"Nyuma amekaa mkamwana wangu," Babu alisema, akitazama mbele.

Askari alizunguka nyuma. Mama alijivuta kanga mpaka puani na kumsalimia kwa kichwa. Askari alirudi polepole, sura imebadilika. "Wa Tukuyu, mzee?"

"Busokelo."

"Mimi wa Kyela," alisema, akarudisha kofia yake vizuri. "Tumia vile vya pembeni, mwendo mdogo. Ukimshusha tu, kirudishe."

"Nikimshusha nitakirudisha," Babu alisema.

Nilikaa vizuri kitini baada ya hapo, sikuchungulia tena. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu. Safari yote iliyobaki, Mafinga na misitu yake ya misindano, mpaka Iringa mjini na kuteremka Kalenga, niliitazama ile dashibodi yenye kioo ndani yake.

Bibi mzaa mama alitupokea na "Kamwene" ndefu, akamkumbatia Mama wakaanguka wote wawili kwenye nyasi wakimlilia Baba. Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, alimletea Babu ulanzi, pombe ya mianzi, na Babu, mtu wa kanisa, akaomba chai. Kesho yake wazee walikaa uani. Mama na Bibi walikuwa ndani, nyuma ya ukuta, dirisha wazi, na mimi nimejibana katikati yao. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia Babu akisema maneno mengi bila mimi kuyabeba.

"Nilimchukua hapa kwa heshima," alisema. "Mwanangu amemwacha njiani, si kwa kupenda. Kwetu wengine wangesema akae, wengine wangesema arudi, na mtoto abaki. Mimi nimesema hapana. Mtu haulizwi anataka kukaa wapi akiwa jikoni kwa mkwewe. Nimemleta kwao, na vitu vyake vyote, ili ajifikirie akiwa kwao. Mtoto aende anakokwenda mama yake. Mimi nitaondoka Jumatatu asubuhi. Sitamuuliza, wala nyinyi msimuulize mbele yangu."

Mjomba alisema jambo sikulisikia. Babu akajibu, "Kiti chake kipo. Kitakuwepo hata kikiwa kitupu."

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameegemeza paji la uso ukutani, upande wa pili wa pale Babu alipokuwa ameegemea. Na mimi, mtoto niliyekuwa nimebeba hofu moja kwa miezi, niligundua imetoka na nyingine imeingia mahali pake. Sitaachwa na Mama. Lakini mzee yule atarudi peke yake na gari lake la mistari, hakuna wa kumgongea mfuniko, akohoe kwenye kona zisizo na mtu. Nilishangaa jinsi ilivyouma. Sikuwa nimejua kwamba nampenda.

Jumatatu ukungu wa mtoni ulikuwa umepanda mpaka barabarani. Babu aliaga wazee, akaingia garini. Mimi niliingia kiti cha mbele kumuaga, mlango wangu uko wazi. Alitoa kitambaa kwenye dashibodi, akakifungua magotini. Kile kioo. Akachukua bisibisi. Alikaa hivyo, kioo mkono huu, bisibisi mkono ule, akitazama mbele kwenye ukungu ambao haukuwa na kitu cha kutazama. Aliniambia nisome kwa bidii. Aliniambia nimsalimie Mama, "lakini safari hii mwambie nilivyosema mimi, si unavyosema wewe." Ndipo nilipojua kwamba alijua.

Alipeleka kioo mahali pake. Akaanza kuweka skrubu.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Gari likainama kidogo, kama linavyoinama mtu akikaa. Mlango ukafungwa na mlio wake wa kitabu kikubwa. Babu akaacha mkono hewani. Hakugeuka. Asingeweza kugeuka. Na kioo kilikuwa mbele ya uso wake kabisa, angekiinamisha kidogo tu angeona, lakini alikigeuza kifuani kwake haraka.

"Bupe," aliita, ingawa nilikuwa kiwikoni mwake.

"Naam, Babu."

"Nyuma kuna mtu?"

Nilisukuma pazia. Kilemba kilikuwepo, na mabega, na mkono uliokuwa ukimpungia Bibi. Mama naye hakugeuka. Alipeleka mkono wa pili nyuma, akapapasa hewa mpaka akapata vidole vyangu, akavibana.

"Yupo."

"Ana sanduku?" Babu akauliza.

"Analo. Liko miguuni."

Alikifunga kioo kwenye kitambaa, upande huu, upande huu, vizuri kama mtu anayefunga mtoto. Akakirudisha kwenye dashibodi. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye ndevu na hakuyafuta. "Funga mlango wako," aliniambia, akawasha, akaendesha kama aliyebeba mayai, mpaka Mbeya.

Waliishi hivyo, yeye chumba cha uani na Mama ndani, wakikoholeana na kugongeana mfuniko na kutumiana mimi, mpaka Babu alipokufa nikiwa mtu mzima. Nilimuuliza Mama mara moja kwa nini alirudi. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. "Mtu amekutengenezea kiti ili upate nafasi ya kumwacha," alisema. "Utamwachaje?"

Kwa hiyo nilimpa kijana chai na maandazi, nikamwambia rangi anaweza kuirekebisha, kitasa cha stoo anaweza kukitoa, kiti asikiguse. Aliondoka bila kuelewa, na simlaumu. Angekuja Jumapili angeelewa. Jumapili nampeleka Mama kanisani. Kiti cha mbele ni kitupu, hakuna tena wa kukwepana naye, lakini yeye huzunguka nyuma na fimbo yake, anainama, anaingia, na kilemba kinapita kwa vidole vinne. Mlango unafungwa. Kioo sijakirudisha. Kabla ya kuwasha huwa nauliza, nikitazama mbele, nyuma kuna mtu? Na mama yangu, ambaye hakuwahi kumjibu mzee yule hata neno moja kwa mdomo wake, hunijibu kwa sauti mpaka majirani wanasikia:

"Yupo! Twende."